Mtoto na Moto Nyumbani: Afundishwe Nini Mapema



Somo la toleo hili limetokana na mtaa wa Bukoto, jijini Kampala, ambako nyumba nyingi za chumba kimoja, maarufu kwa jina la mizigo, zimesongamana ukuta kwa ukuta. Mzazi hutoka alfajiri kwenda sokoni. Mtoto wa miaka mitatu huachwa na dadaye wa miaka saba. Kufuli hutiwa kwa nje ili wao wasitoke na mwizi asiingie. Ndani kuna sigiri ambayo makaa yake hayajazimika, na chandarua juu ya kitanda. Naamini hali hiyo haiko Bukoto peke yake.

Mtoto mdogo aonapo moto, mara nyingi hakimbii, bali hujificha chini ya kitanda au ndani ya blanketi. Huogopa moto, na huogopa pia kuchapwa, hasa ikiwa ni yeye aliyechezea kiberiti. Kwa hiyo neno la kwanza la kumfundisha ni ahadi: "Moto ukiwaka, toka nje, hakuna atakayekupiga." Ahadi hiyo mtoto huipima siku anapovunja kikombe.

Kisha yafuate mazoezi. Moshi hupanda juu, na hewa iliyo afadhali hubaki karibu na sakafu; basi mtoto atambae. Mfungeni kitambaa machoni, kama mchezo, atambae akipapasa ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni. Akiwa na mdogo wake, watoke wameshikana mikono. Akishafika nje asirudi ndani kwa ajili ya kiatu wala daftari. Nguo zikishika moto asikimbie. Alale chini, afunike uso kwa viganja, abingirike. Apaze sauti kwa lugha ya majirani: hapa Bukoto ni "Omuliro!", huko Busia "Moto!" yatosha.

Kuhusu simu, namba za dharura za Polisi ya Uganda, ambayo ndiyo yenye kikosi cha zimamoto, ni 999 na 112, na hazitozwi malipo. Mtoto wa mpakani akariri 112, kwa kuwa simu yake huenda ikanasa mtandao wa nchi jirani, na namba hiyo hutumika pia Kenya na Tanzania. Simu nyingi huipiga hata zikiwa zimefungwa kwa nywila. Nyumba zetu nyingi hazina namba; hivyo mtoto ajue jina la mtaa na alama iliyo karibu, kama vile msikiti au kituo cha bodaboda.

Lakini mafunzo hayo hayamfai mtoto aliyefungiwa kwa nje. Usiku wa tarehe 14 Aprili 2008, bweni la wasichana la Budo Junior liliungua na kuua watu takriban 20, wengi wao wanafunzi; taarifa za wakati ule zilitaja milango iliyofungwa. Mzazi asiye na mtu mzima wa kumwachia watoto aache walau ufunguo wa pili kwa jirani anayeshinda nyumbani. Usiku, ufunguo utundikwe mahali mkono wa mtoto unapofika. Jaribuni leo jioni: zimeni taa, kisha mwambieni mtoto aufungue mlango mwenyewe.