Ndugu kwa Damu, Mgeni kwa Maisha

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 19:34.
Soma kwa ajili ya somo hili: Mambo ya Walawi 19:33, 34, Ruthu 2:1–16, Luka 17:11–19, 1 Petro 3:15.

Katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakaanzisha vijiji kando ya Mto Juba. Vizazi vikapita, lakini Kizigua hakikufa vinywani mwao. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania. Walipokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na kuanzia mwaka 2003 wakahamia makazi ya Chogo, ambako Serikali iliwapa ardhi na kuwafungulia mlango wa uraia.

Basi mgeni huyu alimwamkia mwenyeji kwa lugha ya mababu wa wote wawili. Hata hivyo alikuwa mgeni: hakuwa na shamba wala jamaa wa kumsemea, na dini yake ni Uislamu. Kanisa limtendee vipi mtu wa namna hii?

1. Kumbuka ulikotoka
Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34. Mungu anatoa sababu gani ya kumpenda mgeni?

Israeli walijua uchungu wa ugeni kwa sababu waliuonja Misri. Korogwe nako mashamba ya mkonge yaliwaleta manamba kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, na wajukuu wao leo ni wenyeji. Ujumbe wa Waadventista wenyewe uliletwa Giti, Upare, mwaka 1903 na wageni kutoka Ujerumani. Aliyepokelewa jana hana sababu ya kufunga mlango leo.

2. Boazi alitoa zaidi ya masuke
Soma Ruthu 2:8–16. Orodhesha mambo ambayo Boazi alimfanyia Ruthu.

Alimpa mahali pa kufanya kazi, maji, chakula na ulinzi. Dorkasi wakikusanya nguo wanafanya vema, lakini nguo huchakaa. Mbegu kabla ya mvua, mtu wa kumsindikiza mama zahanati, au mzee wa kanisa wa kwenda naye ofisi ya kijiji, huacha faida ya kudumu. Kabla ya kupeleka msaada, uliza kinachohitajika. Wala mwenyeji maskini asisahauliwe. Msaada ukimpita mlangoni kwenda kwa mgeni peke yake, huzaa chuki. Kwenye shamba la Boazi walikula wavunaji na mgeni pia.

3. Msaada si chambo
Soma Luka 17:11–19. Ni wangapi walitakaswa? Ni wangapi walirudi?

Yesu aliuliza habari za wale tisa, lakini hakuwarudishia ukoma. Yule mmoja aliyerudi alikuwa mgeni. Jirani Mwislamu anayepokea debe la mahindi hajajiandikisha darasa la ubatizo. Kama msaada utakoma asipokuja kanisani, basi haukuwa upendo, ulikuwa biashara. Akiuliza habari za tumaini, ajibiwe kwa upole, kama Petro anavyoagiza. Asipouliza, aendelee kusaidiwa.

Heshima huonekana hata mezani. Mwadventista hali nguruwe wala hanywi pombe, na hapo jirani huyu hana wasiwasi. Kama kuna kuku wa kuchinjwa, achinje mgeni mwenyewe au Mwislamu mwenzake. Jambo hili ni dogo, nalo humwambia kwamba ameheshimiwa.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani mgeni katika mtaa wa kanisa lenu? Nani katika darasa anamjua kwa jina?
2. Je, kuna msaada ambao kanisa lingeuacha kama lingejua kwamba anayepokea hatabatizwa kamwe? Kwa nini?

Tendo la juma: Kabla ya Sabato ijayo, kila darasa litume washiriki wawili kumtembelea jirani mgeni. Waende kumsikiliza kwanza, ndipo warudi na taarifa.