Maji ya Mlimani na Watu wa Chini

Mtu apandaye Kilimanjaro kwa upande wa kusini huikuta mifongo kabla hajaenda mbali. Mfongo ni mfereji wa udongo, uliochimbwa na wazee ili kuyatoa maji korongoni na kuyapeleka vihambani. Wasafiri wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia sana kazi ile. Katika somo hili twataka kuutazama mfongo kwanza, kisha mto mzima, kwa kuwa neno lililo jepesi katika mfongo huwa zito katika mto.

Mfongo ulikuwa na wenyewe, ndio ukoo wa yule aliyeuchimba, na mkuu wake aliitwa meni mfongo. Yeye ndiye aliyewaita watu kwenda kuuzibua, tena ndiye aliyegawa zamu. Asiyefika kazini alitozwa faini, ama alinyimwa maji. Maji ya usiku yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, yakafunguliwa asubuhi. Wala haikuwa lazima kumweka mlinzi, maana aliyeiba maji usiku shamba lake lilikutwa limelowa, na jirani akamjua. Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Wanawake walichota maji ya mfongo kila siku, ila katika baraza la mfongo hawakuwa na neno.

Basi, maji hayo hayaishii kihambani. Mto Kikuletwa wachukua maji ya Meru na ya Kilimanjaro, na mto Ruvu waja kutoka upande wa mashariki. Yote mawili huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo mto Pangani wapita Korogwe, wageuza mitambo ya umeme ya Hale na ile ya Maporomoko ya Pangani iliyoanza kazi mwaka 1995, hata wafika baharini. Maji ya mto yakipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuwadhuru wakulima walio karibu na mlango wa mto. Meni mfongo wa mlimani hajapata kumwona mkulima yule, wala hawezi kulitazama shamba lake asubuhi.

Hata karibu ya mlima jambo hili lilionekana. Mwaka 1987 ulimalizika mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Mpunga ukastawi, nao wakulima wakapata faida. Ndipo watu wa juu yao, walipoiona faida ile, wakaanza kulima mpunga wao wenyewe kwa maji ya mto Rau, na mradi ukapungukiwa, mashamba mengine yakakaa makavu. Nani mwenye kosa? Wa juu walisema mto wapita kwao. Wa chini walisema mifereji yao ilijengwa kwa kuyategemea maji hayo. Sisi twaona ya kuwa kosa kubwa lilikuwa hili, kwamba walipopanga mradi hawakuwaketisha pamoja watu wa mto mzima.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 yataka kuliponya jambo hili. Yasema ya kuwa maji yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mahitaji ya watu yatangulia, kisha maji yanayobakizwa mtoni kwa uhai wa viumbe, ndipo yafuate matumizi mengine. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde tisa, kila bonde na bodi yake. Anayetaka kuchepua mto hana budi kuwa na kibali, na watumiao mto mmoja waweza kuunda jumuiya ya watumia maji, igawe maji na kuamua magomvi.

Haya ni mema, ila hatari ipo katika karatasi. Shamba kubwa lina karani ajuaye kuandika maombi na kulipa ada kwa wakati wake. Wenye mfongo wana desturi tu. Sheria yaitambua haki ya desturi, lakini haki isiyoandikwa husahauliwa upesi siku ya kugawa. Kwa hiyo wenye mfongo wafanye shauri mapema kuuandikisha kwa jina la wote, wanawake wakiwamo.

Nanyi walimu, ambao mara nyingi huombwa kushika kalamu katika mikutano kama hiyo, andikeni kwanza majina ya vijiji vyote vinywavyo mto ule, hata cha mwisho, kisha tazameni ni kipi kisicho na mjumbe. Kama hayupo, ombeni mgawo ungoje hata afike.