Njia ya kukokotea: maneno ya kubeba kwenye matembezi yetu

Ninyi mnaojiandaa kwa matembezi ya hisani kando ya mfereji wa Grand Union, someni hili kabla ya kufunga mikoba. Siku yetu ni ya kutoka Warwick hadi Knowle, na asiyejua majina ya anavyoviona atashinda akisema "kile kitu" kutwa nzima.

Tuanze na njia yenyewe. Zamani mashua za mfereji hazikuwa na injini. Farasi alitembea ukingoni akizivuta kwa kamba. Kuvuta mzigo mzito namna hiyo ni kukokota, kama punda na mkokoteni wake. Basi hiyo ni njia ya kukokotea. Angalieni ile "e" iliyoingia: kukokota, kukokotea. Ni kauli ya kutendea, na hapa inaonyesha kitu kinatumika kwa kazi gani: kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, viatu vya kutembelea.

Pale Hatton kuna vyumba 21 vya kupandishia mashua, na kwa pamoja huiinua yapata mita 45. Mashua huingia chumbani, milango ya chini hufungwa, maji hufunguliwa kutoka juu, nayo hupanda taratibu kama kopo ndani ya ndoo inayojazwa. Milango ya juu haifunguki mpaka maji ya pande mbili yawe sawa. (Msishindane nayo. Yana nguvu kuliko baba yeyote wa shule hii.) Mbele, Shrewley, mfereji unaingia kwenye handaki, na njia ya farasi ina handaki lake dogo linalopanda hadi kijijini.

Sasa jihadharini na kutembelea. Mwanafunzi mmoja alimwambia bibi yake wa Tanga kwa simu, "Jumamosi ninatembelea hospitali ya watoto." Alitaka kusema anatembea kwa ajili yake. Bibi akaelewa kuna mjukuu amelazwa, na usiku ule hakulala mtu. Kumtembelea mtu ni kwenda kumwona. Semeni, "Ninatembea ili kuchangisha fedha za hospitali." Kuchanga ni kutoa pamoja na wenzako, kuchangia ni kutoa kwa ajili ya jambo fulani, kuchangisha ni kuwafanya wengine watoe. Mama amechanga pauni tano, ameichangia hospitali, na wewe ndiye uliyemchangisha.

Hapa nasema kama muuguzi. Ukihisi kisigino kinachoma, simama papo hapo ubandike plasta. Lengelenge likishatoka, usilitumbue. Wazazi wenye sukari waulize kliniki yao kabla ya siku hiyo, maana mguu wenye ganzi hausemi unapoumia. Mtu anaweza kukanyaga kokoto ndani ya kiatu mpaka jioni, akapata kidonda cha miezi. Kila tukipumzika wavue viatu na soksi, na watoto wawaangalie nyayo, visigino na katikati ya vidole. Si kukosa adabu. "Baba, naomba nikutazame miguu" ni Kiswahili kizuri.

Kazi ya nyumbani: mpigie simu bibi au babu, umweleze safari yetu ukitumia kukokotea, handaki na kuchangisha. Akikuuliza nani anaumwa, anza upya.