Usilale Nalo, Mdogo Wangu

Haya, mdogo wangu, sogea hapa jamvini tuzungumze. Tangu juzi nakuona chakula hakikushuki, simu ikilia unashtuka, ukiulizwa una nini unasema kichwa. Si kichwa hicho. Kuna jambo limeharibika kazini mikononi mwako na bado hujalisema. Umetuma pesa za mteja kwa nambari siyo, au umekosea kilo za mwani wa watu, au alama za mwanafunzi umeziandika kwenye jina la mwengine. Usijione peke yako. Wanaoamka na fundo kama hilo hapa Micheweni ni wengi, ila kila mmoja kaziba mdomo.

Nilipokuwa na miaka 16 nilipewa kazi ya kuanika karafuu za bi mkubwa mmoja upande wa Konde. Mvua ikanyesha nami nimekwenda kupiga soga. Niliporudi zimerowa, nikazishindilia guniani, nikasema kesho jua litatoka, hatojua mtu. Wewe Mpemba, unajua karafuu mbichi ikilala guniani hupata moto ikavunda. Asubuhi imeshakuwa mpeta: imekunjamana, imepauka, haina mafuta. Nami nikazidisha, nikaichanganya na nzuri, gunia zima likashushwa daraja mizanini. Bi mkubwa hakunipiga. Alisema tu, "Ungenambia jioni ile, tungezitandaza ndani zikapona." Maneno yale ndiyo yaliyoniliza.

Mvua haikuwa yangu, mdogo wangu. Usiku ule wa kunyamaza ulikuwa wangu.

Najua unachokiogopa: kufukuzwa, kuchekwa, jina la mzee wako kutajwa barazani. Mji wetu mdogo, neno likitoka Tumbe asubuhi, mchana limeshafika Wingwi. Basi kwa sababu hiyo hiyo, hilo lako halitofichika. Mficha maradhi kifo humuumbua. Heri litoke kinywani mwako.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale watu walipokamatwa Shinyanga wakateswa, na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumgusa mtu. Lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 alijiuzulu, hakuwasukumia walio chini yake. Akapelekwa ubalozini Misri. 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 wa Muungano. Sikwambii ukikiri utapandishwa cheo. Huenda ukakatwa mshahara, na utalia. Ila aliyelibeba lake mchana kweupe, watu hawaogopi kumwamini tena.

Sasa nikugombeze kidogo. Wengi wetu hukiri nusu. Shilingi elfu 50 zinakuwa elfu 20, na zilizobaki ndizo zinazokuja kukuvua nguo. Mwone mkubwa wako faraghani, mapema, kabla kazi haijachangamka. Mwambie kilichotokea, kiasi kizima, na ulichokwisha kufanya kukitengeneza. Usianze na "fulani naye alini…" Wee! Fulani ana ulimi wake. Akifoka, mwache afoke, kilichopotea ni chake. Usipaze sauti, wala usitoke ukamwacha anasema.

Leo kula, sali isha yako, ulale. Kesho ukishasali alfajiri vaa uende, usingoje wenzako wafike. Ukirudi pita kwangu, nitakuwekea chai.