BUSHI ZA GARI: KITU KIDOGO CHENYE KAZI KUBWA

Magari ya MGB yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980, na baadhi yangali yakionekana Nairobi. Mikono ya chini ya magurudumu ya mbele hushikwa kwa bushi za mpira. Mpira ukichakaa, gurudumu huchezacheza, tairi huliwa upande mmoja, na breki zikanyagwapo gari huvutwa kando. Katika msongamano wa Ngong Road, jambo hilo laweza kuleta mauti.

Mwenye gari, akinunua Barabara ya Kirinyaga, iliyoitwa zamani Grogan Road, au akiagiza Uingereza, na achague kwa akili. Bushi za mpira mtupu ni laini, lakini mafuta huziharibu. Za poliyurethani hudumu, ila ni ngumu, na dereva husikia kila shimo. Za MGB V8, zenye mpira ulioshikamana na bomba la chuma, huingia katika MGB ya kawaida, nazo ni za katikati.

Katika kuzitia, fundi ajihadhari na springi: imebanwa kwa nguvu nyingi. Aweke jeki chini ya mkono na kuishusha polepole, isije ikaruka na kumjeruhi. Mpira usipakwe grisi ya kawaida, maana huuozesha. Maji ya sabuni yatosha. Mwisho, nati zisikazwe kabisa magurudumu yakiwa yananing'inia. Gari lishushwe kwanza, ndipo zikazwe; vinginevyo mpira hukaa umepindwa siku zote, nao hupasuka mapema. Haraka haraka haina baraka.