Somo la Makatibu: Ukurasa wa Chama na Mkono wa Mwanachama



Vyama vyetu kadhaa vya wafugaji sasa vina kurasa katika mtandao, ambamo mwanachama huingia kwa namba yake ya siri, akaona lita za maziwa alizoleta, makato yake na baki ya fedha zake. Ni jambo jema, nasi wakaguzi tumelipokea kwa furaha, maana limepunguza ugomvi wa daftari. Lakini yuko mwanachama ambaye ukurasa huo humfungia mlango, naye ni mwenye ulemavu wa viungo: aliyekatika vidole, anayetetemeka mikono, aliyepooza upande mmoja, au asiye na mikono kabisa.

Nilipokuwa nikikagua hesabu za chama kimoja, mzee mmoja alinijia kulalamika kwamba katika makato yake ya miezi mitatu imetiwa mifuko ya pumba ambayo hakuichukua. Mzee huyo alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia katika mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na mkono wake wa kushoto una baridi yabisi. Kwa kuwa hakuweza kuongoza kipanya wala kugusa vitufe vidogo vya simu, alimpa kijana wa jirani namba yake ya siri ili amfungulie. Kijana akawa anamsomea lita zake vizuri, kisha akiisha kuagana naye anajiagizia pumba kwa jina la mzee. Katika taarifa yangu ya kwanza niliandika kwamba mwanachama alitoa siri yake kwa hiari, na hivyo chama hakina lawama. Sentensi hiyo niliifuta siku ya pili, baada ya kuketi mbele ya kompyuta ya ofisi, kuchomoa kipanya, na kujaribu kuufungua ukurasa kwa kibodi peke yake. Sikufika popote. Hiari gani basi ilikuwapo?

Yafaa ieleweke jinsi watu hawa wanavyotumia kompyuta. Mmoja hubonyeza kibodi kwa kijiti alichokishika mdomoni. Mwingine hupiga swichi moja kubwa kwa kiwiko au kwa mguu. Mwingine huiamuru mashine kwa sauti yake. Fundi asiogope kwamba itambidi atengeneze ukurasa wa kila mmoja. Vyombo hivi kwa sehemu kubwa hupeleka amri zilezile za kibodi, au hufuata majina ya vitufe yaliyoandikwa ndani ya ukurasa. Ukurasa unaotii kibodi, na ambao vitufe vyake vina majina, umekwisha kuwafungulia wengi wao.

Kosa kubwa nililoliona lilikuwa katika vitufe vyenyewe. Lugha ya HTML, ambayo kwayo kurasa huandikwa, ina neno lake maalumu la kutangaza kwamba kitu fulani ni kitufe. Fundi akilitumia, kivinjari chenyewe hukifikia kitufe hicho mtu abonyezapo Tab, na hukitekeleza abonyezapo Enter. Fundi mwenye haraka huchora kisanduku cha rangi, akaandika juu yake "Lita Zangu", akakifunga kwa kipanya tu. Kwa macho vyote ni sawa, kama mizani mbili zilizopakwa rangi moja, moja ikiwa haina springi ndani. Katika ukurasa ule vitufe vyote isipokuwa kimoja vilikuwa vya kuchorwa. Tena fundi alikuwa ameondoa ule mstari unaozunguka kitufe kilichofikiwa, kwa kuwa aliuona unaharibu sura, hata nisijue niko wapi.

Kalenda ya kuchagulia tarehe iliniingiza ikakataa kunitoa. Mwishoni nilitakiwa kuburuta kipande cha picha hadi mahali pake ili nithibitishe kwamba mimi ni binadamu, na kabla sijajua la kufanya ukurasa ukanitoa nje kwa kisingizio cha kuchelewa.

Mambo haya yote yamekwisha kuwekewa viwango. Shirika la W3C, lililoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kurasa zinazofikika mwaka 1999. Toleo la 2.2 la mwongozo huo, uitwao WCAG, lilitoka Oktoba 2023. Una daraja tatu, nasi yatutosha kudai daraja la AA. Hilo lataka kila kazi iwezekane kwa kibodi, mtu asinaswe mahali, na mahali alipofikia paonekane. Linataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24, ambazo kwa kipimo cha kawaida ni kama robo inchi, isipokuwa vitufe vikiwa vimeachana vya kutosha. Kwa vidole vya wakulima mimi ningedai 44. Kila kinachoburutwa kiwe na njia nyingine ya kubonyeza tu. Na pale muda unapokaribia kwisha, mtumiaji aonywe, apewe walau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi.

Haya si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 9, unautaja mtandao kwa jina, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla halmashauri haijatia sahihi mapatano na fundi, hakikisha maneno "WCAG 2.2, daraja la AA" yameandikwa humo, na malipo ya mwisho yamezuiwa hadi siku ya majaribio. Siku hiyo aitwe mwanachama mwenye ulemavu wa viungo, alipwe nauli yake, afungue hesabu yake mwenyewe kwa chombo alichokizoea. Fundi na wajumbe wakae nyuma yake, pasiwe na mkono wa mtu utakaomsaidia. Akishindwa, ukurasa urudishwe kwa fundi na fedha zibaki katika kasha.