Dondoo muhimu: Gauni la bibi likianza kuburuta

Gauni lililokuwa likimfika bibi kwenye vifundo sasa linaburuta chini. Msiseme ni uzee tu. Kupungua kimo kwa sentimita 4 hivi kunaweza kuwa dalili kwamba pingili za mgongo zimebonyea.

Walio hatarini zaidi kudhoofika mifupa hivyo ni wanawake waliokoma hedhi, hasa kabla ya miaka 45, wembamba kupita kiasi, wavuta sigara, walevi, na wenye mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga. Wanaume nao wamo, ingawa hawapendi kuambiwa.

Linalosahaulika mno ni dawa. Prednisoloni, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa pumu au baridi yabisi, ikimezwa miezi 3 au zaidi hudhoofisha mifupa. Usiiache ghafla, ni hatari; muulize daktari utailindaje mifupa yako.

Nyumbani, dagaa waliwe wazima, na mifupa yao. Tembea kila siku. Ondoa mkeka unaoteleza, washa taa ya njia ya chooni.

Aliyevuka miaka 50 akavunjika mkono kwa kujikwaa tu, asiishie kwenye plasta: aombe apimwe mifupa.